Watoto Ishirini kwa Nusu Bei

Safari yenyewe ilinigharimu shilingi mia mbili na ishirini. Mia moja langoni, arobaini za mchango wa petroli, sitini za unga na mafuta ya chapati, ishirini za soda mbili. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, jibu ni lile lile. Bila ujanja wangu ingekuwa mia nne na ishirini. Kwa hivyo niliokoa soo mbili, mia mbili kamili, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiisimulia siku ile hivyo, kama mtu aliyepata faida.

Tulikaa Kariobangi, Nairobi, chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi na viwili, bomba moja uani, kamba za nguo zikipishana mpaka jua likakosa pa kupita. Nilikuwa nauza mitumba ya watoto sokoni. Wenzangu waliniita Mama Bei, kwa sababu sikuweza kununua hata chumvi bila kuuliza bei ya chumvi iliyo kando yake. Sikulikataa hilo jina. Lililisha nyumba miezi ile ambayo kiwanda cha blanketi alichofanyia kazi mume wangu kilipunguza zamu na kuwaambia wafanyakazi wasubiri kuitwa.

Watoto wetu walikuwa wawili: msichana wa miaka sita na mvulana wa mitatu. Mwezi wa nane mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka magharibi, kuku hai kwapani na mfuko wa njugu kichwani. Alikaa wiki nzima akisifu chai yangu, jambo lililonitia wasiwasi. Siku ya mwisho akasema kilichomleta.

"Nyumba yangu imenyamaza," akamwambia mwanawe, si mimi. "Nipeni huyu wangu nikae naye."

Huyu wake alikuwa yule msichana. Alikuwa amebeba jina lake, na kwetu mtoto aliyebeba jina la kukhu, yaani bibi yake, ni wa kukhu tayari. Kumwitisha si kumnyang'anya mtu. Ni kama kurudi kuchukua sufuria uliyoazimisha. Mume wangu aliniangalia, nami nikaangalia jiko. Nilipiga hesabu. Huko kulikuwa na maziwa, shule ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani, na hakukuwa na mtaro wa maji machafu wa kuruka kila asubuhi. Hata mimi nililelewa na bibi. Nikakubali. Angeanza darasa la kwanza huko, mwezi wa kwanza.

Niliomba kitu kimoja tu: Krismasi ipite kwanza. Kimoyomoyo niliomba cha pili, siku moja ya kukaa naye bila soko, bila karai la nguo, bila mtu wa kunivuta pembeni.

Binti yangu ndiye aliyechagua mahali. Rafiki yake wa kanisani alikuwa amepelekwa bustani moja ya michezo ya watoto upande wa pili wa mji, na tangu siku hiyo hatukulala kwa habari za bembea, farasi wa mbao wanaozunguka, na zaidi ya yote treni ndogo inayopita chini ya daraja na kupiga honi.

"Mama, kila behewa lina viti viwili," akaniambia nikimsuka. "Utakaa na mimi?"

"Nitakaa na wewe."

"Hutamkalisha mtoto?"

"Mtoto nitampakata."

"Na dirishani nani?"

"Wewe. Geuza kichwa."

Kuhusu mwezi wa kwanza hakuniuliza lolote. Alikuwa ameshaambiwa. Aliuliza habari za treni tu, kila siku, na kila siku nilimjibu.

Mimi sinunui kitu bila kukiona, kwa hivyo wiki mbili kabla nilienda peke yangu mpaka langoni kuuliza. Kijana wa tiketi alikuwa anakula mahindi ya kuchoma.

"Sasa mathe."

"Poa. Mtoto ni ngapi?"

"Soo. Mkubwa soo. Michezo yote imo."

"Hata mkubwa asiyecheza?"

"Si anapumua hewa ya ndani?"

"Nina wa miaka mitatu. Huyo anapumua kidogo. Mfanyie ishirini."

Akacheka mpaka punje ikamtoka. "Mathe, hapa si soko la Gikomba. Bei imeandikwa ukutani."

"Na aliyeiandika hajafa. Mwite."

"Ukitaka nusu bei, leta shule. Watoto ishirini kwenda juu, hamsini kila mmoja, na kwa kila kumi mtu mkubwa mmoja anaingia bure."

"Nani amekuambia sina shule?"

"Shule gani?"

"Ya Jumapili."

Aliniangalia kwa heshima kidogo. Kisha akaongeza kitu ambacho nilikisikia kwa sikio moja, lile lingine likiwa bado linashangilia neno bure. "Lakini huyo wa bure si mgeni, mathe. Ni mlinzi. Ana kumi wake, na wakienda choo, anaenda choo. Sitaki kuitwa hapa kutafuta mtoto wa mtu."

"Hiyo ni kazi gani? Mimi nalea ploti nzima."

Na kweli, kupata watoto ishirini Kariobangi hakukunitesa. Nilimwambia mama mmoja bombani, na kabla ndoo yangu haijajaa walikuwa wanane. Kufikia Jumapili walikuwa ishirini na wawili, nikawarudisha wawili waliokuwa na surua. Shemasi wetu akatupa gari la kanisa kwa sharti la petroli, na lirudi saa kumi na moja, kwa sababu kwaya ilikuwa na mwaliko. Mtu mkubwa wa pili akawa Mama Pacha, jirani yangu wa mlango wa kushoto, mwenye mapacha wa miaka mitano na kibanda cha mboga mkabala na mitumba yangu. Yeye ni wa upande wa Murang'a, mimi wa magharibi, na tulikuwa tumegombana na kupatana mara nyingi hata hatukuhitaji tena kuombana msamaha.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya kubadilishana.

Katika ploti yetu kulikuwa na desturi. Mwanamke akipakulia watoto wengi chakula, anaanza na wa mwenzake. Akiwaogesha, maji ya kwanza ni ya wa mwenzake. Na kama wawili wanachunga kundi, kila mmoja anamchunga wa mwingine, ili asiwepo wa kusema fulani alishika mkono wa mwanawe akawaachia wa watu barabara. Hakuna aliyetuandikia. Tulijikuta tunaishi hivyo, na ploti nyingine zilipigana kwa kukosa hivyo.

"Mama Bei, wewe utabeba mapacha wangu," akasema Mama Pacha tukisukuma chapati. "Mimi nibebe wako."

"Yule msichana nimemwahidi treni."

"Kwani mimi sioni treni? Nitampandisha."

"Alitaka kupanda na mimi."

Akasimamisha mti wa chapati. "Sasa wale wengine kumi na sita, mama zao hawako. Wakuone wewe umekaa na wako kwenye treni kama bibi harusi, jioni watasema nini nyumbani?"

Nilijua watakachosema. Nilikuwa nimewahi kukisema mimi mwenyewe, juu ya wengine. Nikapima: mapacha wawili kwa wangu wawili, mizani imelala sawa. Nikasema sawa. Nilijiambia nitaiba dakika kumi.

Jumamosi ya safari ikafika. Binti yangu alivaa gauni la njano nililomfichia kutoka bunda la Oktoba, gauni ambalo ningeliuza kwa bei nzuri. Langoni kijana alituhesabu, nami nikamhesabia tena, tukalingana. Ndani, Mama Pacha alichukua kumi wake akashika njia ya kulia. Binti yangu alikuwa amemshika mdogo wake mkono. Aligeuka.

"Treni saa ngapi, mama?"

"Baadaye. Fuata Mama Pacha."

Kama umewahi kuchunga watoto kumi mahali penye bembea, huhitaji kusimuliwa. Wawili wanataka kojo, mmoja anataka kwao, mmoja amevua viatu na hakumbuki alikoviacha. Nilikuwa nahesabu vichwa kama mtu anayehesabu noti: mara moja kwa macho, mara ya pili kwa kidole. Kumi. Kumi. Kila nilipoinua macho kutafuta gauni la njano, kulikuwa na mtu wa kunivuta sketi. Chakula tulikula pamoja, na mimi nilipakulia wa Mama Pacha kwanza, kisha wa wengine. Wangu walipofikiwa, binti yangu aliuliza kwa sauti ndogo kama baadaye imefika. Nikamwambia bado kidogo.

Mchana ukasonga. Nilikuwa kwenye ngazi za kuteleza niliposikia honi ya treni. Nikahesabu haraka ili nikimbie hata nimwone tu. Tisa. Nikahesabu tena kwa kidole. Tisa. Pacha mmoja hayupo.

Niliwafunga wale tisa mkono kwa mkono, nikazunguka nao kama mnyororo, nikiita. Honi ilipiga mara ya pili, na kwa mbali, kati ya miti, nikaona treni ikitoka chini ya daraja. Njano ilikuwa dirishani. Kiti cha pili kilikuwa wazi, kwa sababu Mama Pacha ni mwanamke wa mwili na kiti kile kilikataa, na mdogo wake alikuwa ameogopa honi. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, akichungulia huku na huku. Alikuwa ananitafuta. Ningeweza kupunga mkono. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na watoto wa watu.

Pacha tulimpata nyuma ya ngazi, amelala fofofo, ganda la ndizi tumboni.

Nilipowakabidhi wote kumi kwa Mama Pacha na kumchukua binti yangu kwa mbio, ilikuwa saa kumi na nusu. Kijana wa treni alikuwa anafunga mnyororo kwenye kituo.

"Raundi moja tu, boss. Huyu na mimi."

"Tumefunga, mathe."

"Nitalipa. Soo."

"Imezimwa."

"Soo mbili."

Hiyo ndiyo siku pekee maishani mwangu niliyopandisha bei mwenyewe. Nilikuwa nazo, zile zile nilizookoa, nimezifunga kwenye pindo la leso. Alinitazama, akamtazama mtoto, na nadhani alitaka.

"Si mambo ya pesa, mathe. Fundi amezima injini, ameenda na ufunguo."

"Haidhuru, mama," akasema binti yangu. "Mimi nimeshapanda."

Alikuwa ananifariji, akiwa na miaka sita. Nikamnunulia soda, yeye na mdogo wake, na huo ndio ukawa ukubwa wa muda wetu: soda moja mtu, tumekaa ukingoni mwa njia, Mama Pacha akituita kwa sababu kwaya inangoja.

Jioni ploti ilinishukuru. Akina mama walikuja mlangoni mmoja mmoja, wengine na sukuma wiki, mwingine na sabuni. Walisema hakuna mtoto aliyependelewa. Walisema kweli.

Mwezi wa kwanza mume wangu alimpeleka magharibi. Mimi nilibaki sokoni, ndio msimu wa sare za shule, na nauli ya watu wawili ilikuwa nyingi. Alilelewa vizuri. Alikuwa akija likizo ya Agosti, akibisha mlango kabla ya kuingia, akiomba ruhusa ya kuchota maji. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimwita "mama". Mimi aliniita "mama wa Nairobi". Nilikuwa najiambia tutakuwa na wakati akimaliza la nane, kisha akimaliza fomu foo, kisha chuo. Alipomaliza vyote alikuwa mtu mzima mwenye adabu nyingi, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza, kwa kuwa watoto hawawi na adabu hivyo kwa mama zao. Yule mdogo wake hugombana nami kila wiki.

Sasa yeye ni muuguzi, anakaa mtaa wa Donholm, na ana msichana wake wa miaka mitano. Juzi alinipigia simu. Amepata kazi nje ya nchi, mkataba wa miaka mitatu, mshahara ambao hata mimi sikuweza kuupunguza kichwani.

"Nakuomba ukae na mtoto," akasema. "Mimi nililelewa na kukhu na sikukosa kitu."

Baba yao alishafariki, mvulana ana mji wake, na ninamtaka huyo mtoto kwa nguvu zinazonitia haya. Nikisema ndiyo, nitapata mtu wa kumsuka asubuhi. Nikimwambia asimwache, achukue kazi ndogo ya hapa abaki naye, ataniuliza mbona yeye nilimwacha aende, na swali hilo ni haki yake. Wala sitaki ayasikie haya kama lawama, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza.

Nimemwahidi jibu Jumapili. Nimehesabu faida na hasara mara mbili, na kila mara jibu ni tofauti. Wewe uliyewahi kumpeleka mtoto kwa bibi yake, au uliyepelekwa, niambie kabla ya Jumapili: nimjibu nini?