Maharagwe ya Mheshimiwa

Maharagwe yale niliyapika mimi, mpishi wa kituo. Wakubwa wa kaunti, wakiongozwa na Mheshimiwa, walikuja hapa Isiolo kuzindua chumba ambamo watoto wenye usonji hutibiwa kwa michezo. Tulitarajia wageni kumi, wakaja arobaini. Kwa kuogopa aibu, nilichukua maharagwe niliyoyakuta chumbani humo kwenye beseni, nikayabandika jikoni. Hotuba zilikuwa ndefu hata yakaiva vizuri. Watoto wenyewe waliwekwa nje wasisumbue wageni.

Mheshimiwa alikuwa kwenye sahani ya pili, akinisifu, wakati Talaso, mtaalamu wa watoto, alipoingia.

“Mama Kendi, umeona maharagwe ya watoto? Yale wanayokanyaga kwa miguu?”

Nilimkonyeza. Hakuelewa.

“Yale Guyo hupenda kutemea mate!”

Mheshimiwa aliacha kutafuna.