Jibu la kwanza lilivyomkosesha dada Rehema nafasi yake

Heshima kwenu wakuu.

Mimi humu huwa nasoma tu, sijawahi kuanzisha uzi. Elimu yangu ni darasa la saba na naandika taratibu, mnivumilie. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza kitu. Nimebadilisha majina tu.

Mimi ni mwenyeji wa Zuzu, hapa Dodoma. Miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, baba alipunguzwa kazi akarudi kulima uwele. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nipo tu nyumbani.

Akaja dada mmoja, nimwite Rehema. Alikuwa anasomea saikolojia chuo kikuu, kwao Bukoba, Kigogo hajui hata salamu. Alitaka kujua watu wa vijijini wakipata shida mioyo yao inakuwaje. Mwenyekiti wa kijiji akamleta kwangu kwa sababu nina mwandiko mzuri. Si akili wakuu, ni mwandiko.

Kazi yenyewe ilikuwa karatasi za maswali. Yeye anakwenda nyumba wanazojua Kiswahili vizuri, mimi nakwenda kwa wanaoongea Kigogo.

Swali la kwanza: siku hizi hali ya moyo wako ikoje? Unaweka alama. Nzuri, ya kati, au mbaya.

Wiki ya kwanza tulimaliza nyumba chache mno, maana watu wanaongea. Na Rehema alikuwa na haraka. Kulikuwa na kongamano la kimataifa linakuja kufanyika Dodoma mjini, lenye nafasi za watafiti wanaoanza. Ukichaguliwa unalipiwa nauli na malazi, unapewa profesa wa kukuelekeza, unasimama dakika kumi mbele ya wakubwa. Ukifanya vizuri, unatafutiwa nafasi ya kuendelea na masomo.

Kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo. Njia nyingine hakuwa nayo.

Akaniambia, "Yona, mdogo wangu, chukua jibu la kwanza. Mengine ni maongezi."

Nikasema sawa dada.

Sasa ninyi mnajua. Kwetu mtu hata kama maiti iko ndani, ukimuuliza habari atasema nzuri kwanza. Kisha ndiyo anakuvutia kigoda, anaanza kukueleza.

Mama Mwendwa alinijibu nzuri. Nikaweka alama. Halafu akaniambia amezika mtoto, mume kaenda mjini kutafuta kazi hajarudi, na kuna asubuhi anajikuta jikoni hajui aliingia kufanya nini. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kalamu nimeifunga.

Karatasi yake inasema nzuri.

Za namna hiyo zilikuwa nyingi, na nilijua. Kila nikimkabidhi Rehema karatasi za siku nasema leo nitamwambia. Simwambii. Mbele ya msomi ulimi wangu unakuwa mzito. Halafu niliogopa ataona sikufanya kazi.

Akachaguliwa. Siku ilipofika akataka twende wote, akaninunulia shati jeupe la mtumba. Alisema, "Leo na wewe ni mtafiti, usinitie aibu kwenye chai."

Profesa aliyepangiwa kumwelekeza alikuwa mama mmoja mcheshi kutoka Afrika Magharibi. Asubuhi, kabla ya kikao, Rehema akafanya mazoezi mbele yake kwenye korido. Habari yake kubwa ilikuwa kwamba watu wa Zuzu, pamoja na njaa na misiba, mioyo yao iko salama.

Mama profesa akanigeukia, akasema kitu kwa Kiingereza. Rehema akanitafsiria huku anacheka.

"Anauliza, wewe uliyekaa nao unaamini haya?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Hapana, dada."

"Hapana nini, Yona?"

"Ile nzuri ilikuwa ya salamu. Walikuwa hawajaanza kusema."

Hakunigombeza. Angenigombeza labda ningepumua. Aliuliza tu, "Ni wangapi?"

"Karibu wote niliowauliza mimi."

Alipoitwa, alisimama na kuwaambia wakubwa wale kwamba matokeo yake yasitegemewe, na sababu akaitoa. Hayo alinieleza baadaye, Kiingereza sikukielewa. Nilichoona ni kwamba dakika kumi zake hakuzimaliza. Makofi yalikuwa machache. Wakaita jina linalofuata.

Mama profesa alimshika mkono, akamwambia utafiti wenyewe ndiyo unaanza sasa, arudi Zuzu akaulize upya. Rehema akawafuata wafadhili kuomba mwezi mmoja tu. Wakamjibu kwa upole kabisa kwamba msaada wao ni wa kongamano. Nauli ya kuja, kitanda, begi lenye nembo, mtu wa kukufundisha kusimama mbele ya watu, vyote vilikuwepo. Kurudi kwa Mama Mwendwa hakukuwepo.

Nafasi ya masomo ilikwenda kwa mwingine. Rehema akaondoka na basi, sikumsikia tena.

Mwaka jana nilikwenda Kibaigwa na lori la mahindi. Nikamkuta pale, anamsimamia mtu duka la mbegu na dawa za mimea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Yona? Umekuwa mkubwa wewe."

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu."

Nikaweka mzigo wangu chini, nikasubiri. Aliniangalia, na nadhani alijua nasubiri nini.

Akasema, "Lori lenu linaondoka, mdogo wangu. Utaachwa."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba mtu akikwambia nzuri, usiondoke hapo hapo. Na ukishaondoka mara ya kwanza, usitegemee kuambiwa tena.

Kama humu yupo aliyewahi kuulizwa maswali ya karatasi, aseme alijibu nini, na hali yake ilikuwaje kweli. Nitasoma yote, hata kama nitachelewa kujibu.