Ndoo za Baba Nyuma ya Nyumba

Mtaani walimwita Nyundo, na mgeni akisikia jina hilo alidhani ni kwa sababu ya useremala. Sisi wa nyumbani tulijua. Baba alipiga watu. Alimpiga kondakta, akampiga mwalimu wangu wa hesabu, akampiga jirani aliyecheka vibaya msibani. Akilewa na kumkosa wa nje, alimgeukia Mama. Mkono wa kushoto wa Mama aliuvunja kwa mguu wa kiti alichokuwa anakitengeneza, na mpaka leo haukunjiki sawasawa. Mimi siku hiyo nilijifungia chooni nikiomba mmoja wao afe. Huyo mmoja hakuwa Mama.

Aliacha pombe asubuhi aliyozinduka na kukuta kipande cha jino la Mama kimenasa kwenye ngumi yake. Hakuna aliyemwamini, mimi nikiwa wa kwanza. Nilipojifungua, niliwaambia wote wawili bila kuzunguka: mtoto nitamleta, lakini siku Baba atakayomnyanyulia mtu mkono, mtu yeyote, Mama anahamia kwangu na mjukuu hatamwona tena.

"Sawa, mama," Baba alinijibu, kichwa chini.

Mikono iliyozoea chupa lazima ipewe kazi nyingine. Baba akajitwika ufugaji wa kuku. Kila asubuhi alichuchumaa nyuma ya nyumba mbele ya ndoo zake, akachanganya pumba na mahindi yaliyoparazwa, akamimina maji mpaka yafunike, akatandaza kitambaa juu ili hewa ipite. Asubuhi na jioni alikoroga kwa mwiko mrefu wa mti mgumu. Baada ya siku chache povu lilipanda na harufu ikawa ya uchachu, kama maziwa yaliyoganda. Hapo alichota, lakini hakumaliza. Maji kidogo yalibaki chini ili yachachushe ndoo inayofuata. Kuku walikula kidogo wakashiba, na viini vya mayai vilikolea rangi mpaka wateja wakauliza anawatia nini.

"Ameniletea wake wenza," Mama aliwaambia, "tena wenye mabawa."

Usidhani kuku ni viumbe wa amani. Mmoja akitoka damu, wenzake humdonoa papo hapo mpaka utumbo utoke. Baba akiona hivyo aliingia bandani mbio. Alimtoa aliyejeruhiwa, akampaka dawa, akamtenga kwenye boksi na kumnywesha maji kwa kijiko. Siku moja Mama alisimama mlangoni akimtazama, akasema taratibu, "Mimi sikupakwa." Baba alikwenda kukoroga ndoo, akaikoroga muda mrefu sana.

Balaa lilianza Baba alipougua homa, akalala karibu juma zima. Mama alijua kulisha, kuchachusha hakujua. Aliona ndizi zimelainika jikoni, akahurumia kuku, akazitumbukiza zote ndooni na sukari juu, akafunika kwa mfuniko na kuukandamiza. Joto lilikuwa kali. Ndoo ilivimba, mfuniko ukaruka, na harufu iliyotoka ilipanda ukuta ikaingia mtaani. Ilikuwa harufu ya pombe, hata mtoto mdogo angekwambia. Baba alipoamka na kuinusa alirudi nyuma, jasho likimtoka.

"Kaimwage wewe," alimwambia Mama. "Mimi siisogelei."

Mama alisema ataimwaga akimaliza kufua. Ilikuwa Jumapili mchana, nami nilikuwa uani nimempakata mtoto. Kabla nguo hazijaanikwa, geti lilipigwa teke.

Aliyeingia ni Fundi Bomba, jitu la mabega mapana lililowahi kunywa na Baba miaka mingi, na nyuma yake mchuuzi mmoja wa mitumba. Walevi wana sheria zao. Ukimwibia mwenzio atakusamehe, ukitapikia kitanda chake atakusamehe. Ukimficha pombe, umemtukana yeye na ukoo wake. Fundi Bomba alikuwa na spana mkononi na macho mekundu.

"Nyundo! Unatuambia umeacha, kumbe unajinywea peke yako?"

"Ni chakula cha kuku," Baba alisema.

Fundi Bomba alichota kwa kiganja, akanywa, akatema pumba. "Kuku wako wanalewa?" Akampiga Baba ngumi ya mdomo.

Baba aliyumba, akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alipeleka mikono nyuma ya mgongo, akashika kifundo cha mkono mmoja kwa mwingine, akakaza. Ngumi ya pili ilipasua nyusi. Ya tatu ilimpata mbavuni na nikasikia kitu kikialika. Mchuuzi alimkamata tetea, akamnyonga, akamrushia Baba usoni, akamkamata mwingine. Baba hakuwatazama wao. Alinitazama mimi na mtoto, damu ikimwingia jichoni.

Hapo kiburi changu cha kuweka masharti kiliniisha. "Baba, mpige!" nilipiga kelele. "Mpige, nimesema!"

Alitikisa kichwa.

Fundi Bomba aliinua spana. Haikushuka. Mama alitokea nyuma yake na ule mwiko, akamtwanga sikioni, na lile jitu likaanguka magoti. Akamtwanga mdomoni, meno yakamwagika. Mchuuzi aliruka ukuta bila kuaga. Mama hakuona. Alipiga kwa mkono mmoja, ule mzima, akipumua kwa nguvu, akipiga bega, akipiga shingo, akipiga vidole vilivyojaribu kuziba uso. Fundi Bomba alimlilia mamaye mzazi. Mama akaendelea. Uso wake niliutambua. Nilikuwa nimeuona utoto wangu wote, ila kwa mtu mwingine.

"Mama, utamuua!" Hakunisikia.

Baba ndiye aliyemshika. Alimkumbatia kutoka nyuma, mbavu zake zikiwa zimevunjika, akamnyanyua kutoka ardhini huku Mama anarusha mateke na kumng'ata mkono.

"Basi, mke wangu. Basi. Ameshaanguka. Basi."

Alimshikilia hivyo mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Wakaketi chini pamoja kwenye pumba na damu. Fundi Bomba alikoroma, povu jekundu likimtoka puani, nami nilikimbilia simu kutafuta gari la kumpeleka hospitali, mtoto akinililia shingoni. Nilikuwa nimekwisha kumwambia dereva aje haraka niliposikia Mama anacheka kidogo. Alikuwa ameufungua mkono wake, anautazama.

"Kumbe kupiga ni tamu hivi," alisema.

Aliangua kilio. Nilitaka kwenda kumshika, nikamkumbatia mtoto nikabaki nilipo. Baba alijifuta damu jichoni kwa kanga ya Mama, akavuta pumzi kwa shida.

"Ni tamu," alimwambia. "Mimi natamani kila siku."