Sifuri Nukta Sita

Mwaka watu wa upande wetu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa, nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari mjini Tabora. Nilikuwa sijaolewa, naishi kwa baba yangu, mtaa wa Mtendeni. Baba alikuwa fundi cherehani, anashona kanzu na suruali za shule barazani. Mama alifariki kabla sijajua sura yake. Aliyenilea ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na nilipofika umri wa kwenda shule aliolewa na mkulima wa vijijini huko Goweko. Mume alikufa, watoto hawakupata, naye akabaki na shamba lake la mihogo na nyumba ya vyumba viwili.

Wakati huo tulikuwa tunafundisha hisabati mpya, ile ya seti. Nilikuwa nachora duara ubaoni na kuwaambia wanafunzi: kitu ama kimo ndani ya seti ama hakimo. Siku moja msichana mmoja aliniuliza kama watu warefu wanaweza kuwa seti. Nikamjibu hawawezi, kwa sababu hakuna ajuaye urefu unaanzia wapi. Alikaa chini, lakini niliona jibu halikumtosha. Hata mimi halikunitosha.

Basi ikatokea kwamba mwenzangu niliyesoma naye chuo, aliyekuwa masomoni Ulaya, alinitumia nakala ya makala kuhusu jambo hilohilo. Mwandishi alisema kitu kinaweza kuwamo ndani ya seti kwa kiasi. Mtu mfupi kabisa apewe sifuri katika seti ya warefu, mrefu kabisa apewe moja, na wengine wote wawe katikati: nukta mbili, nukta tano, nukta tisa. Aliandika kwamba dunia yenyewe ndivyo ilivyo, na kwamba njia hii itakuja kusaidia popote ambapo watu wanalazimika kuamua bila mpaka ulio wazi. Niliisoma makala ile mpaka karatasi zikalegea kwenye mikunjo. Nilijiona nimepata kitu ambacho hakuna mtu mwingine Tabora nzima aliyekuwa nacho.

Shule zilipofungwa, walimu tulitakiwa kusaidia kuandikisha watu wa kuhama. Mimi nilipangiwa upande wa Goweko. Katibu tarafa, mwanamume mwembamba mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alinipa daftari lenye safu mbili: wazima na wasiojiweza. Wasiojiweza wangebebwa na malori mawili. Wazima wangetembea kufuata ile njia ya zamani ya misafara, mwendo wa kutwa nzima, mpaka mahali kijiji kipya kilipopimwa.

Nilimwambia, "Ndugu katibu, safu mbili hazitoshi. Kuna watu wengi ambao si wazima wala si wasiojiweza."

"Nawajua," akasema. "Ndio wanaoninyima usingizi."

Nikamweleza. Kila mtu tumpe namba, kuanzia sifuri mpaka moja, kwa kadiri anavyoweza kutembea. Alisikiliza, akaniuliza, "Huyu wa nukta sita, anapanda au hapandi? Maana lori halina kiasi, mwalimu. Mtu ama amepanda ama hajapanda."

"Tunaanza na wenye namba ndogo," nikamjibu. "Tunapakia mpaka lori lijae."

Akacheka kidogo. Nadhani alikuwa hajacheka siku nyingi. Akasema sawa, tufanye hivyo.

Nilizunguka siku tatu na karani wa ofisi yake. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu ambao hata leo siwezi kuukana. Niliwaomba watu wasimame, watembee mpaka mtini na kurudi. Niliwauliza wanachota maji wapi, wanapumzika mara ngapi njiani. Mama mjamzito nilimpa nukta tatu. Mzee mwenye pumu nilimpa nukta tano. Karani alikuwa anaandika huku akitikisa kichwa, akaniambia kwa mara ya kwanza anaona serikali inauliza maswali ya maana.

Siku ya tatu tulifika kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Karibuni."

Shangazi alikuwa na nyonga mbovu. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka kwenye dungu la kufukuzia nyani shambani. Asubuhi nyingine alikwenda kisimani na ndoo kichwani. Asubuhi nyingine hakuweza hata kuvuta mlango. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu kila likizo nilikuwa namkanda kwa mafuta ya moto. Siku ile nyonga ilikuwa imetulia. Aliposikia habari ya kutembea, alifunga khanga yake vizuri, akaenda mpaka kwenye kinu na kurudi, bila fimbo.

"Wamesema gari ni la wasiojiweza," akasema. "Mimi sijafika huko. Andika ulichoona."

"Shangazi, gari si aibu."

"Nimesema andika ulichoona."

Karani alikuwa amenyanyua kalamu ananisubiri. Alishajua ni shangazi yangu, alisikia salamu zetu. Haki yake shangazi ilikuwa nukta tatu. Niliwaza watu watasema mwalimu amempendelea ndugu yake, na hesabu yangu yote itaonekana ya upendeleo. Niliitaka hesabu ile ibaki safi. Nikasema, "Sifuri nukta sita." Nilijituliza kwamba malori mawili yangetosha mpaka nukta saba. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo kichwani.

Siku ya kuhama lilikuja lori moja. La pili, tuliambiwa, limevunjika ekseli huko njia ya Bukene na haijulikani litatengenezwa lini. Paa za nyumba zilikuwa zimeshaezuliwa tangu alfajiri, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kurudi. Katibu alipanda juu ya lori, akahesabu nafasi, akashuka na kuchukua daftari. Akapiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya nukta nne.

Asubuhi ile shangazi alikuwa amekaa chini, ameegemea kifurushi chake, mguu mmoja ameunyoosha. Nilipomgusa nyonga alifumba macho.

Nilimfuata katibu mbio. "Ndugu katibu, nilikosea. Shangazi yangu si sita. Ni tatu."

"Karani ameandika sita, na aliyemtajia ni wewe."

"Ndiyo, nilimtajia mimi. Nakuomba ufute."

Alishusha sauti. "Nikifuta, namshusha nani? Nionyeshe, nitamshusha sasa hivi."

Niligeuka kuangalia waliokwisha kupanda. Yule mama mjamzito alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mikono yote miwili. Nyuma yangu mtu akanigusa bega. Alikuwa yule mzee wa pumu, wa nukta tano, naye amebaki chini. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, na mimi je? Mimi ulinipatia sawasawa?"

Nilimshika mkono nikamsogeza mbali na magurudumu. Lori liliondoka.

Niliazima baiskeli kwa kijana mmoja wa pale, nikamkalisha shangazi kwenye keria, nikaisukuma. Njia ilikuwa mchanga mtupu katikati ya miombo, na gurudumu lilizama kila hatua chache. Alijishika kiunoni mwangu na hakulalamika. Baada ya saa chache akasema ateremke, anaumia zaidi akikaa. Akatembea kidogo akinishikilia. Nikampandisha tena. Wenzetu wote walitupita, hata yule mzee, aliyekuwa anasimama kila baada ya miti michache kutafuta pumzi. Mchana jua likiwa utosini, baiskeli ilipinda kwenye shimo, ikatuangusha wote wawili. Nilisikia mlio ndani ya nyonga yake, mdogo tu. Aliniambia, "Usilie, watu wanatuona." Hapakuwa na mtu.

Wanaume wawili waliorudi kututafuta walimbeba kwa machela ya matawi. Tulifika jua linazama. Kijiji chenyewe kilikuwa vigingi ardhini, kila kimoja na namba yake. Tulimlaza shangazi kando ya kigingi chake.

Baada ya siku nne tulimpeleka stesheni ya Goweko, akasafirishwa kwa treni mpaka hospitali mjini. Mfupa ulikuwa umevunjika, na kwa umri wake haukuunga. Hakutembea tena. Tukamweka Mtendeni, chumbani kwangu, mimi nikalala chini kwenye mkeka. Yule mzee wa pumu alifika kijijini salama, akajenga, akaishi miaka mingi. Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi, kisha nikaona uchungu mkubwa zaidi, kwa kuwa yeye nilimpatia sawasawa.

Nilimwandikia mwenzangu wa Ulaya nikamweleza yote, nikamuuliza mtu apige mstari wapi. Alinijibu kwa barua ndefu yenye fomula nzuri. Alisema namba zangu hazikuwa na kosa la nadharia, ila kipimo kimoja nilikitaja vibaya. Ilikuwa kweli. Sikumjibu.

Siku moja nikimwosha, shangazi aliniuliza, "Ile siku uliniandika ngapi?"

Nikamwambia.

Kisha akauliza, "Katika ngapi?"

"Katika moja."

"Basi uliniona mzima," akasema, na nikaona amefurahi. Nilitaka kumwambia kwamba sikumwona mzima, kwamba niliogopa maneno ya karani. Nikaendelea kumwosha mgongo. Sikumwambia siku ile wala siku nyingine yoyote.

Alifariki masika ya pili. Baba alikata sanda ya dada yake kwa mkono wake mwenyewe, pale barazani, cherehani ikiwa imefunikwa. Nilikwenda kukaa karibu yake nikakiri kila kitu, kuanzia ile makala mpaka ile namba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mkasi. Akaniambia niende ndani, wanawake wananisubiri kwa ajili ya kuosha maiti.

Hakulizungumzia jambo lile tena. Nilingoja miaka anilaumu, na hakunilaumu hata siku moja.