Jumapili Ambazo Hakuja

Mimi ni mtu wa kanisa, tena wa kwaya, kwa hiyo msinitazame hivyo. Kwenye kile chama cha kuzungumza na wafu, kule Vällingby, Sweden, nilipelekwa na kazi. Bibi wa Kiswidi niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake alikuwa mwanachama, miguu haimbebi, na wa kusukuma kiti chake ni mimi.

Njiani alinisimulia chanzo cha chama hicho. Wajane watatu walikianzisha jikoni kwa mmoja wao, yeye bibi akiwa bado msichana. Lengo lao lilikuwa kumfariji aliyefiwa, ajue mtu wake hajapotea. Ramli walikataza kabisa. Nikawaza, hata pasta wangu angekubali nusu ya hayo.

Walikutana kila Jumapili saa tisa alasiri, na Desemba saa hiyo ni giza tayari. Ukumbi ulikuwa chini ya ardhi: viti kwa duara, mshumaa mmoja, maandazi ya mdalasini pembeni. Mwonaji wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya karani wa posta. Alieleza mfu aliyemwona, kisha akauliza ni wa nani. Mwenyewe alipaswa kujibu kwa sauti, "Ni wangu." Asiyejibiwa aliachwa aende zake.

Wenzangu walikuja wakitamani kuitwa. Mimi niliomba nisiitwe. Siku tuliyokimbia vita kwetu Uvira tulikuwa tumeshafika barabarani mama alipokumbuka kwamba mlango hatujaufunga, akamtuma mdogo wangu wa kiume arudi na ufunguo. Hatukumwona tena. Mama alikataa tuweke matanga: maiti yuko wapi? Huko Bujumbura alikohamia hafungi komeo usiku, mlango anausindika tu, kijana asije akagonga asisikike. Basi kila Jumapili ambayo hakutokea, kwangu ilikuwa habari njema. Bibi alinipapasa mkono akiniambia nisikate tamaa. Weh! Nilirudi nyumbani kwangu Hässelby nikiimba.

Miaka miwili hivyo. Kisha Jumapili moja mwonaji ghafla akatazama sakafu karibu na miguu yangu. Akasema kuna kijana, amelowa, amevaa sweta ya kike, mkononi ana ufunguo. Sweta ya mama. Nilimvalisha mimi mwenyewe, na pale sikuwahi kumsimulia mtu, hata bibi.

"Anasema mlango ameshaufunga," mwonaji akasema. "Ni wa nani?"

Nikatazama mshumaa. Akauliza tena. Baridi ilinipanda kutoka nyayoni hadi magotini, na nilijua amechuchumaa pale pale. Nikauma ulimi. Nikisema ni wangu, nimemzika.

Mwonaji akashusha pumzi, akasema ameondoka.

Niliona aibu, jamani. Mtoto wa mama yangu amekuja mpaka Sweden, nami nimemkana mbele ya watu.

Jioni nilimpigia mama. Akauliza kama kuna habari, kama kawaida yake. Nilikusudia kusema hakuna.

"Mama," nikasema, "leo ufunge mlango."

Nilisikia simu ikiwekwa mezani, miguu yake ikiburuta, kisha komeo. Alikawia kurudi.

"Alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Ukampokea?"

"Nilimpokea, mama."

Hapo ndipo alipolia, kilio alichokizuia miaka yote ile.

Jumapili iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika ukumbini, na nyingine zote baada yake, jibu likiwa tayari mdomoni. Hakuja tena.