Nilikifunga Chumba cha Dawa, Wakaniita Kichaa

Jamani, siku niliyopiga kufuli chumba cha dawa na kuusokomeza ufunguo ndani ya sidiria, hospitali nzima iliamini Nihal amerukwa na akili.

Wengine walisema nimerogwa. Wengine wakasema ni stresi za kukosa mume.

Semeni. Midomo ni yenu.

Ila leo naeleza mwenyewe, maana nimechoka kusikia habari yangu ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo.

Mimi ni mfamasia, hapa hapa Tabora. Sio yule wa dirishani anayekupa panadol na kukuambia kutwa mara tatu. Kazi yangu iko ndani, kwenye chumba kisichotakiwa kuingia hata punje ya vumbi. Humo ndimo tunachanganya dawa zinazoingia moja kwa moja kwenye damu ya mtu.

Dawa ya kumeza ikiwa na mdudu, tumbo litapambana naye. Ya mshipani haina mlinzi getini. Inapita.

Kwa hiyo kuingia humo kuna taratibu zake. Unavua pete, hereni, saa. Wanja hakuna, manukato hakuna. Unanawa mpaka viwiko. Unavaa gauni lililofungwa kwenye pakiti yake na kupikwa kwenye mashine ya mvuke, unafunika nywele, mdomo na miguu. Yanabaki macho tu. Hata mama yangu angekutana na mimi humo angepiga kelele.

Na mimi ni mtoto wa nyumba ya udi. Babu wa babu yangu alifika Tabora na misafara, enzi za watu kutoka pwani kwa miguu, na mpaka leo kwa mama yangu, Bi Tufaha, jioni haipiti bila chetezo kuwashwa. Lakini mimi tangu nianze kazi humo niliacha. Nikifika kazini naoga upya, sabuni isiyo na harufu, nabadilisha nguo, ndipo naingia.

Mama aliumia kweli. "Mtoto wa kike unanuka hospitali! Mume atakufuata na nini, ambulensi?"

Umri wangu? Haukuhusu.

Sasa, alikuwepo mtoto anaitwa Kabula.

Alizaliwa kabla ya siku zake, utumbo una kasoro, akapasuliwa akiwa mdogo wa kutoshea kwenye viganja viwili. Kunyonya hawezi. Chakula chake chote kilikuwa kinapita mshipani, sukari, protini, chumvi, mafuta, na aliyekuwa anamchanganyia kila siku ni mimi.

Mama yake alikuwa analala naye wodini. Baba yake, Sayi, mfugaji wa kutoka Ziba, alikuwa anashinda kwenye benchi nje ya wodi na fimbo yake mapajani. Kila nikipita ananisalimia, "Mwangaluka, mpishi wa Kabula."

"Mwangaluka, baba Kabula."

Tukazoeana hivyo.

Ijumaa moja Kabula akapandwa na homa.

Madaktari wakamwanzishia sindano, homa ikashuka. Lakini mimi moyo ukakataa kutulia. Tuna visahani vyetu vya kuoteshea wadudu. Mara moja kwa mwezi, ukimaliza kazi, unavibandika kwenye mikono ya gauni, halafu vinakwenda maabara. Visipoota kitu, uko salama. Siku ile ile nikabandika.

Jumatatu kijana wa maabara akanipigia. "Dada Nihal, njoo uone shamba lako."

Nilidhani ananitania. Nikaenda. Weeh! Visahani vimeota madoa meupe, vimeota ya njano, vimeota na yenye manyoya.

Mikono yangu hiyo. Mikono inayomlisha Kabula.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Mfuko wa Kabula wa siku ile ulikuwa tayari, nikaumwaga. Nikamwambia Festo, msaidizi wangu anayenipitishia vifaa kwenye kidirisha, atoke. Nikapiga kufuli.

Dakika hazikupita, Dkt. Bernardo huyo. Huyu ndiye mkuu wetu pale hospitali. Na wala hakuja kwa ajili ya Kabula. Alhamisi tulikuwa na wageni wakubwa, wanakuja kukiona chumba hicho hicho.

"Nihal, fungua."

"Sifungui, daktari. Kuna wadudu na sijajua wanatoka wapi."

"Si udeki, upige dawa, maisha yaendelee?"

"Nikideki bila kujua chanzo, nitakuwa nampaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Na wageni nitawaonyesha nini?"

"Waonyeshe kufuli."

Uso ukambadilika. "Mimi naweza kukuhamisha wewe. Nikupeleke zahanati ya porini huko ukagawe dawa za minyoo."

"Nihamishe. Wenye minyoo nao ni watu. Ila ufunguo naondoka nao."

Hapo ndipo nilipousokomeza kifuani, mbele yake. Dkt. Bernardo ni mzee wa kanisa. Aligeukia ukutani, akakohoa, akaondoka zake.

Lakini nisiwadanganye. Kukifunga chumba kile ni kumnyima Kabula chakula. Alibaki na dripu za sukari za kiwandani peke yake, na hizo hazimkuzi mtoto. Kumpeleka hospitali kubwa ya Mwanza? Daktari wa watoto alisema safari hiyo hataimaliza akiwa hai.

Nikifungua nampelekea wadudu. Nisipofungua anakufa njaa. Haya, chagua.

Jumanne nilishinda humo ndani peke yangu, nimevaa gauni na kila kitu, nasugua kuta na kutafuta tundu. Sikuona tundu. Nikatoka nimechoka, nikamkuta Sayi amesimama mlangoni. Siku hiyo hakunisalimia.

"Mtoto wangu analala njaa."

"Najua, baba Kabula."

"Hujui! Ng'wana wane anakauka kama ngozi juani, na wewe unatoka humo unanukia kama bibi harusi! Kila siku unanukia hivyo hivyo! Ulikuwa unampikia au ulikuwa unajiremba?"

Korido nzima ikageuka. Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua. Nilishaufungua nimpe za uso.

Ukabaki wazi.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Nanukia nini?"

"Moshi wenu ule! Wa harusi za Waarabu wa mjini."

Nikanusa mkono wangu. Sikusikia kitu. Na ningesikiaje? Pua yangu imekulia kwenye udi, haiusikii tena, kama wewe usivyosikia harufu ya nyumba yako. Lakini mimi niliingia humo nimeoga. Mwilini sikuwa na udi hata chembe. Kilichonigusa baada ya kuoga ni gauni tu.

Nikamgeukia Festo. "Eti Festo, nanukia?"

Festo akatazama viatu vyake. "Unanukia, madamu. Kama wiki mbili sasa."

"Na hukusema?"

"Mtu anaanzaje kumwambia bosi wake ananukia? Nikajua umepata mchumba."

Nilimwacha hapo hapo. Nikaenda chumba cha kufulia karibu nikimbie.

Mama Dafrosa ndiye anayefua na kufunga nguo zetu. Ni jirani yetu kule Ipuli, amenibeba mgongoni mimi.

"Shikamoo, mama Dafrosa."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, na ile sauti ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa.

Maana nyuma yake gauni langu lilikuwa limetandazwa juu ya tenga, na chini ya tenga moshi unapanda taratibu. Kwenye meza pakiti nyingine zimefunguliwa, zinasubiri zamu.

"Mama! Pakiti hizi zimeshatoka kwenye mvuke! Ukizifungua tu zimeharibika!"

"Sasa nikifukiza kabla, mvuke unaondoa harufu yote. Nilijaribu."

Yaani alijaribu! Alifanya na utafiti kabisa!

"Kumbe ndiyo unafungua, unafukiza, halafu unafunga upya kwa mikono yako?"

"Nanawa, mwanangu. Kila mara nanawa."

"Nani amekufundisha haya? Wewe ni Mkatoliki, udi umeujulia wapi?"

Akafuta mikono kwenye kanga. Nikainama kukitoa chetezo chini ya tenga, nikakitazama mara mbili.

Chetezo kile nakijua. Ni cha shaba, kina miguu mitatu, na mmoja umefungwa kwa waya kwa sababu niliuvunja mimi nikiwa mdogo na nikachapwa kwa ajili yake. Mababu zangu walikuja nacho na misafara. Mahali pake ni kabatini kwa mama yangu.

Kilikuwa bado cha moto. Nikakifunga kwenye taulo, nikapanda bodaboda nacho mpaka nyumbani.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikakiweka mbele yake.

"Mama, hiki kilikuwa kinafanya nini kazini kwangu?"

Akakitazama, akanitazama. Hakukana, na hilo nampa.

"Umeukataa udi nyumbani kwangu. Nguo unayoshinda nayo ni ile ya huko. Nikasema basi nitakufuata huko huko. Ule ni udi wa ndoa, Nihal. Nimeuombea dua kila usiku."

"Mama, nguo ile haitakiwi kuguswa!"

"Kwani udi ni uchafu? Maiti tunamfukiza! Bibi harusi tunamfukiza! Leo mimi ndiye mchafu?"

"Wewe si mchafu. Lakini nguo zile zinaning'inia juu ya chakula cha mtoto ambaye hana hata uzito wa kuku. Na Ijumaa alipata homa."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Kwa sababu ya udi wangu?"

"Sijui, mama. Sitajua kamwe. Lakini inawezekana."

"Mimi nilikutakia mema."

"Najua. Ndiyo maana imeniuma hivi. Angekuwa adui ningemtukana nikalala."

Akalia. Nikalia na mimi. Halafu, wallahi sitanii, akajifuta machozi na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mume utampata vipi?"

"Nisipompata nitakufa, mama? Mimi nitaishi. Kabula ndiye anayekufa."

Akauvuta ungo wake, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano nguo zote zilifuliwa upya. Nilisimama mwenyewe mbele ya mashine ya mvuke, nikazipokea mwenyewe, nikalala na pakiti zangu kama mwenye mgodi. Nikasafisha chumba, nikabandika visahani. Maabara wakasema jibu Ijumaa asubuhi.

Na wageni ni Alhamisi. Mnaona mambo hayo?

Wakaja, wamependeza, viatu vinalia. Dkt. Bernardo mbele yao, anatabasamu kwa meno tu.

"Nihal, chanzo kimeshajulikana, nguo zimebadilishwa. Fungua wageni waone."

"Visahani bado, daktari. Mpaka kesho."

"Nakuagiza kama mkuu wako."

"Na mimi nakataa kama mfamasia wako. Mtu akiingia leo, kesho jibu la visahani halina maana, na mtoto anaanza njaa upya."

Dkt. Bernardo akanyoosha mkono, kana kwamba ufunguo utatoka kifuani kwangu wenyewe. Mgongo wangu ulikuwa kwenye mlango.

Nikasikia fimbo inagonga sakafu.

Ni Sayi. Alipita katikati ya wageni, akaja kusimama pembeni yangu, fimbo ameishika kwa mikono miwili.

"Juzi nilimtukana dada huyu hapa hapa," akasema. "Leo anayetaka kuingia humo aanze na mimi."

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akauliza, "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni baba wa mtoto asiyekula. Mwenye haraka kuliko wote hapa ni mimi. Na mimi nasubiri."

Yule mama alichungulia kwenye kioo cha mlango, akatikisa kichwa, akasema, "Tumeona. Twendeni." Dkt. Bernardo akawafuata.

Ijumaa asubuhi kijana wa maabara alinipigia. "Dada, shamba limekauka. Hakuna hata jani."

Nilipiga kigelegele peke yangu chooni. Kisha nikaoga, nikaingia, nikampikia Kabula. Mchana ule chakula kikaanza kushuka kwenye mpira wake tone kwa tone, na Sayi nje ya kioo akihesabu matone kwa Kisukuma.

Wiki iliyofuata mama yangu alikuja wodini na chupa ya uji kwa ajili ya mama Kabula. Sikumwita. Nilimwona kutoka mbali, amevaa mtandio wake mzuri, ule unaokaa na udi mpaka mwezi.

Alifika mlangoni akasimama. Akauvua ule mtandio, akaukunja, akampa Sayi amshikie nje. Mama yangu, Bi Tufaha, ambaye hajatoka kichwa wazi tangu aolewe! Akaomba kofia ya karatasi na barakoa. Akanawa mikono mpaka viwiko, kama nilivyowahi kumsimulia nikidhani hanisikilizi.

Kisha akasogea, akamwangalia Kabula kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mdogo hivi," akasema, na machozi yakamdondoka ndani ya barakoa.

Kabula sasa ananyonya. Wako Ziba. Mama Dafrosa yuko kazini bado, ila siku hizi akiniona tu ananinyooshea viganja vyote viwili nivikague. Barua yangu ya uhamisho naambiwa ipo njiani. Na ije, viatu vya porini ninavyo.

Ninachowaachia ni hiki. Adui akija na mabaya yake unafunga mlango bila kufikiri. Kazi ipo kwa anayekupenda, anapokuja na mema yake yasiyohitajika. Huyo naye mwambie hapana. Mwambie kwa adabu, lia naye mkilia, lakini mlango usifungue.

Chetezo kimerudi kabatini kwa mama.

Ufunguo uko pale pale nilipouweka.