Nyoka wa Bahari Mkononi mwa Sahra

Nilipokuwa bado wa kuchunga wana-mbuzi tu, huko nje ya Dadaab, alikuja mganga mmoja na nyoka wa bahari aliyekauka. Mgongo mweusi, tumbo la njano, mkia bapa kama mwiko.

"Huyu ndiye mkubwa wao," alisema. "Nyoka wa nchi kavu akimnusa, wallahi, anakimbia."

Ayeyo, nyanya yetu, aliamini. Kipande cha mfupa wa yule nyoka kilishonewa ndani ya hirizi, dada yangu Sahra akafungwa mkononi. Tulimwonea wivu, tukamtania: "Sultani wa nyoka, tupishe!" Naye akawa anapita vichakani bila kutazama chini.

Bafe alimuuma mguuni akiokota kuni.

Hooyo, mama yetu, alitaka gari la kwenda hospitali. Ayeyo akamzuia. "Tulia, mwanamke. Hirizi inafanya kazi." Mguu ulivimba mpaka pajani. Gari lilipatikana kesho yake, Sahra akafia njiani.

Mganga alikuja kutoa pole. Hata chai hakuimaliza. "Mtoto aliingia chooni na hirizi? Huko huvunjika nguvu," akasema. Wote wakamgeukia Hooyo, aliyepaswa kumvua. Tangu siku hiyo aliitwa mama aliyemuua mwanawe kwa uzembe.

Sasa nimeolewa Garissa, nina binti. Jirani yangu Mwanaisha ni mzaliwa wa Kiunga, pwani. Juzi nilimwuliza kuhusu nyoka yule.

"Sumu anayo, tena kali," akasema. "Lakini maisha yake yote ni majini. Huzaa humo humo, hungoja mvua apate maji ya kunywa. Wimbi likimtupa mchangani, shoga, hawezi hata kutambaa. Hugaagaa mpaka afe."

Kiumbe asiyeweza kuvuka ufuo ndiye aliyepewa kuwatisha bafe wa vichaka vyetu! Mimi ni mtu wa kunyamaza, lakini nilimpigia Hooyo simu nikamweleza yote, nikidhani namtua mzigo.

Aliuliza, "Kwa hiyo ningebishana na ayeyo wako, nikambeba Sahra mwenyewe, angepona?"

Nasikia mganga yuko Wajir, anaheshimiwa. Hooyo ameanza kujilaumu upya, kwa kosa jingine ambalo pia si lake. Hilo ndilo ninaloshindwa kusamehe: mtu yule aliondoka bila lawama hata kidogo, na ukweli nilioupata baada ya miaka yote hii umemwangukia mama yangu.